Vidole vya Nondo

Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakisikia kwamba Nondo, yule mwanamieleka, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, wananikagua mabega kama vile na mimi nimekulia kwenye kunyanyua vyuma. Sijanyanyua chochote kizito kuliko mtungi wa gesi. Mimi nakaa kiti cha abiria katika gari dogo, mguu wangu juu ya breki ya pili, namwambia mtu mzima mwenye akili zake timamu kwamba kioo kimewekwa pale ili akitazame. Breki hiyo ya pili imenilemaza. Nimezoea kwamba mtu akielekea ukutani mimi nakanyaga, gari linasimama, halafu yeye anune apendavyo.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumtazama mdogo wangu akipigana nilifanya kituko. Jitu moja lilimpiga kabali, likamfunga miguu, naye akawa anatoa macho na kutapatapa. Sikujiuliza mara mbili. Nilipanda juu ya kiti, nikavua kiatu, nikakirusha. Kilimpata mwamuzi sikioni. Ukumbi mzima ulicheka mpaka watu wakashika mbavu, na mimi nikatolewa nje nimeshikwa kiwiko, mguu mmoja peku.

Baadaye Nondo alinifuata kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, amejitupia taulo mabegani, ananuka mafuta ya kuchulia.

"Dada, umeniaibisha mbele za watu."

"Bora aibu kuliko msiba. Yule mtu alikuwa anakuua."

"Yule mtu alikuwa ananiuliza kama niko sawa."

Nilidhani ananitania. Ndipo akanieleza. Mieleka yao ilikuwa ya maonyesho. Nani ashinde na nani abwagwe walikubaliana mapema huku wakinywa chai. Lakini kuanguka hakuna makubaliano. Ubao ni ubao hata ukitandikwa godoro, na jitu likikuangukia limekuangukia. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Kila walipokamatana, pale wanapoonekana wanauana kabisa, mmoja alitafuta kiganja cha mwenzake na kukiminya. Maana yake: uko sawa? Mwenzake akiminya naye, maana yake: niko sawa, tuendelee. Asipojibu, kila kitu kinasimama. Unamlaza polepole, mwamuzi anavuka mikono juu ya kichwa, kengele inagongwa.

"Na wewe umewahi kutojibu?" nikamuuliza.

"Nisijibu kwa nini? Asiyejibu anaharibu onyesho."

Alisema hivyo kwa kujivuna, kama mwanafunzi anayejisifu kwamba hajawahi kuzima gari kwenye mlima. Kumbe kuna siku alivunjwa ubavu katikati ya pambano, akaminywa, akajibu, akaendelea mpaka mwisho, halafu akaenda kutapika chooni. Huyo ndiye mdogo wangu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni. Ukimkuta ameanguka kwenye mti, ananyanyuka na kukuambia alikuwa anapumzika.

Tangu siku ile sikutazama tena nyuso zao. Nyuso zilikuwa uongo mtupu. Mimi niliangalia viganja, na nikiona vidole vimejibu, nakunywa soda yangu kwa raha. Desturi hiyo ikaingia hata nyumbani. Tulipomzika mama, tumesimama bega kwa bega, aliutafuta mkono wangu akauminya. Nikamminya. Sote wawili tulikuwa tunadanganya, lakini ilisaidia.

Adui yake mkubwa ulingoni alikuwa Mchinjaji. Huyo alipanda na aproni iliyopakwa rangi nyekundu, akinguruma na kuwatukana watu wa viti vya mbele, na watoto walimchukia kwa dhati. Nje ya ulingo alikuwa mtu mpole anayeogopa mijusi. Wamepigana na Nondo miaka na miaka, mpaka wakawa wanajua kupumua kwa pamoja. Alipoanza kuzeeka alikuja kwangu nimfundishe gari, akitarajia kupata kazi ya udereva. Sijawahi kuona mwanafunzi mwoga vile. Aliendesha kwa mwendo wa jeneza, usukani ameukumbatia, jasho linamchuruzika, na wazee wenye mikongojo wakitupita kando ya barabara.

"Mchinjaji, kanyaga mafuta kidogo."

"Mwalimu, pale mbele kuna kuku."

"Wewe si mchinjaji?"

"Ile ni kazi tu, mwalimu."

Sebuleni kwa wifi yangu, mke wa Nondo, kuna picha imetundikwa juu ya televisheni. Vijana wamejipanga na vifua vinavyong'aa mafuta, wamevimbisha shingo, wengine wanacheka kwa sababu mpiga picha aliwaambia wasicheke. Radi ndiye aliyetangulia kufa. Alikutwa bafuni, maji yanamwagika, kichwani hana hata unywele mmoja mweupe. Akafuata Pasi, aliyeinama kumfunga mwanawe kamba za viatu getini mwa shule na hakuinuka. Halafu yule waliyemwita Daktari kwa sababu alipanda ulingoni na koti jeupe. Yeye alilala ndani ya basi wakitoka kwenye maonyesho. Wenzake walidhani amechoka, wakamfunika jaketi na kupunguza sauti ya redio ili asiamke.

Kila alipokufa mmoja tulishangaa upya. Wengine walisema ni wivu, wametupiwa kitu. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu, na kwa hilo sina la kubishana. Lakini mimi nilikuwa nimeyaona mabegi yao. Niliona sindano za kukuza misuli, na vidonge vya maumivu walivyovitafuna kama karanga. Niliona wanavyokula chakula cha watu watatu ili wawe wakubwa, halafu wanavyojinyima maji ili mishipa itokeze. Nilisema. Mdomo wangu hauna pazia, nilisema misibani, nilisema harusini. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa.

Na walikuwa na desturi nyingine, ile ambayo hadi leo nikiifikiria nataka kuvunja kitu. Mmoja wao akifa, katika onyesho linalofuata viatu vyake vinaletwa. Ni vile virefu vya kamba vinavyofika karibu na goti. Vinawekwa katikati ya ulingo, kengele inagongwa polepole, ukumbi mzima unasimama kimya. Kisha vinatundikwa kwenye nguzo ya kona, na wawili waliokuwa karibu zaidi na marehemu wanapigana mbele yake. Wanaliita pambano la viatu. Ukichaguliwa hukatai. Kukataa ni kama kugoma kubeba jeneza la ndugu yako.

Nondo alipoanza kuchoka hakusema. Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Siku moja nilimsikia akipanda ngazi kuja kwangu, halafu nikasikia kimya. Nilitoka nikamkuta amekaa katikati ya ngazi, midomo imepauka, amejishika ukuta.

"Wameongeza ngazi hapa," akasema.

"Hakuna aliyeongeza ngazi. Kesho hospitali."

"Kesho nina mazoezi."

"Kesho una dada."

Nilimpeleka. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, akamlaza, akampaka majimaji ya baridi kifuani, akapitisha kile chombo chao huku akitazama kioo. Alikiangalia muda mrefu mno. Mimi nina macho ya kumjua mtu anayetafuta namna ya kusema kitu. Akamwambia ukweli bila kuzunguka: moyo umetanuka, kuta zake zimekuwa nene na zimechoka, hausukumi damu inavyotakiwa. Dawa zipo, atazinywa maisha yake yote. Kunyanyua vyuma basi. Mieleka basi.

"Nikirudi ulingoni mara moja tu?" Nondo akauliza.

"Unaweza kufia ulingoni. Unaweza pia kufa umekaa kwenye kiti, sitakudanganya. Lakini ukipanda ulingoni unakifuata kifo mwenyewe."

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, mtulivu kabisa. Tulipofika kwenye korido akanigeukia. "Umemsikia? Kasema naweza kufa nimekaa. Basi bora nisimame." Akacheka. Nilimpiga kofi la bega mbele ya wagonjwa wote, halafu nikaingia chooni nikalia.

Lakini aliacha. Hilo lazima niliseme kwa haki yake. Wifi alimwambia akirudi ulingoni yeye na binti yao wanahamia kwa wazazi wake, na mimi nikachukua vile viatu virefu nikaviweka juu ya kabati langu, nyuma ya mablanketi. Alikunywa dawa zake. Alishinda nyumbani akimsaidia binti yake hesabu, na hesabu zenyewe zote walizikosa. Nilianza kulala vizuri.

Tatizo lilikuwa ni kwenda dukani. Mtu anatoka na kikapu kununua mkate, hatua chache tu anasimamishwa: "Nondo! Tunakuona lini?" Nikiwa naye, nilimwona anavyovuta tumbo ndani na kutanua kifua, pumzi ameibana, mpaka aliyemuuliza apite. Kisha anaishiwa nguvu na kuniegemea. Sijui kama yupo mtu anayejua maumivu ya kumtazama jitu la watu likificha udhaifu wake mbele ya muuza mkate. Mimi nayajua.

Halafu akafa Trekta.

Trekta alikuwa amekaa na Nondo dawati moja shuleni. Ndiye aliyempeleka ukumbini mara ya kwanza, na ndiye aliyesimama upande wake siku ya harusi. Alikuwa anakula chakula cha jioni, akaweka kijiko chini, akasema ana kiungulia. Ikawa ndiyo kauli yake ya mwisho. Msibani hakuna aliyezungumzia viatu, lakini nilimwona Nondo anamtazama Mchinjaji, na Mchinjaji anatazama chini. Kila mtu alijua waliokuwa karibu zaidi na Trekta ni nani.

Siku ya pili baada ya mazishi alikuja kwangu. Alipanda ngazi zote bila kupumzika. Nadhani alipumzika chini kwanza ili aje kunionyesha.

"Nimekuja kuchukua viatu vyangu, dada."

"Viatu gani? Sina viatu."

"Viko juu ya kabati, nyuma ya mablanketi. Wifi yako ulimi ulimteleza."

Nikamwambia yote. Nikamkumbusha daktari, nikamkumbusha binti, nikamkumbusha mama, nikamwita majina ambayo mama angenizaba kofi kwa kuyataja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Huo ndio ubaya wake, alikuwa hagombani.

"Trekta alipigania viatu vya Radi," akasema. "Alipigania vya Pasi akiwa na homa. Sasa vya kwake mwenyewe nikae nitazame na bisi mkononi?"

"Kaa. Tazama. Lia kama watu wengine."

"Siwezi, dada. Nikikaa, nitakuwa nimeshakufa, nasubiri tu mnizike."

Nilimpa viatu. Angevunja kabati, na kulivunja kabati ndiko hasa alikokatazwa na daktari.

Nikafunga safari kwa meneja wao. Ofisi yake iko chini ya ngazi za ukumbi, ndogo hata mlango ukifunguliwa unagonga meza. Nikamwambia amzuie. Akaapa kwamba lingekuwa pambano jepesi, la heshima tu, hata jasho halitamtoka. Nikasema sitaki jepesi, nataka lisiwepo. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana iliniuma.

"Dada yangu, wewe umemlea, umeshindwa. Mke wake ameshindwa. Mimi ni nani? Nikimfungia mlango atapita dirishani na Mchinjaji atamsukuma kwa nyuma."

Akabaki Mchinjaji. Nilimngoja mpaka siku ya somo lake, nikamwacha aendeshe kwa mwendo wake wa jeneza mpaka barabara ya nje, halafu nikakanyaga breki yangu. Gari likasimama chini ya nguzo ya umeme.

"Kataa," nikamwambia. "Ukikataa wewe, hakuna pambano."

Aliilaza mikono yake mikubwa juu ya usukani.

"Nikikataa, mwalimu, atapigana na yule kijana mgeni aliyejiunga nasi juzijuzi. Nimeshamuuliza Nondo mwenyewe, kasema hivyo. Na yule kijana hajui mwili wa Nondo. Mimi ninaujua kama wangu. Nitambeba kama yai. Nitamminya kila wakati, si pale tulipozoea tu, kila wakati. Asiponijibu hata mara moja, namlaza chini na pambano limekwisha. Nakuapia kwa watoto wangu."

Nilimwamini. Nilikuwa nimeshindwa kote, na hapa kulikuwa na kitu cha kushika: mtu mpole, mwenye mikono inayojua kazi yake, na desturi ambayo haikuwahi kumwangusha yeyote. Ilikuwa kama breki ya pili. Nilirudi nyumbani nikamwambia wifi, na wifi naye akashusha pumzi.

Pambano likafanyika Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Viatu vya Trekta vililetwa na mjane wake, vikawekwa katikati ya ulingo, kengele ikagongwa. Vilikuwa na matope kidogo kwenye soli, hakuna aliyeyafuta. Kisha vikatundikwa kwenye nguzo, na mdogo wangu akapanda.

Ukumbi ulilipuka. Nitasema kweli hata kama inaniuma: alipendeza. Sikuwa nimemwona hivyo kwa miezi mingi. Alisimama katikati ya kelele zile kama mtu aliyerudishiwa nguo zake. Mchinjaji akaingia ananguruma, akamtukana mzee mmoja wa mbele, pambano likaanza.

Nilikaa safu ya kwanza na wifi, macho yangu kwenye viganja. Mchinjaji alitimiza ahadi. Walipokamatana mabega, aliminya, Nondo akajibu. Alipomzungusha kwenye kamba, aliminya, akajibu. Alimwangusha mara moja, taratibu hata mtoto mchanga asingeamka, na kabla hajamwachia akaminya tena, na vidole vikajibu. Wifi alikuwa amenishika paja. "Amejibu?" ananiuliza kila mara. "Amejibu," namwambia.

Halafu ikaja kabali. Uso wa Nondo ulikuwa umenigeukia na rangi yake haikuwa nzuri. Ilikuwa ya majivu. Nilisimama. Nilisimama kabisa, mkono wangu umeshaenda kwenye kiatu kama zamani. Lakini kwanza nikatazama viganja. Mchinjaji aliminya kwa nguvu, niliona vifundo vya vidole vyake vikibadilika rangi. Na vidole vya mdogo wangu vikajifunga juu ya vidole vile, imara, kama alivyofanya maisha yake yote. Nikakaa.

Mpango ulikuwa Nondo alale chali, mwamuzi ahesabu, na karibu na mwisho wa hesabu anyanyuke ashinde. Akalazwa. Mwamuzi akaanza kuhesabu, ukumbi ukihesabu naye na kupiga miguu sakafuni. Hesabu ikakaribia mwisho na Nondo hakunyanyuka. Mchinjaji akajitupa juu yake kama anayemkandamiza, na niliona mkono ukitafuta mkono. Akaminya. Vidole vikajibu.

Basi Mchinjaji akaelewa vile ambavyo mwanamieleka yeyote angeelewa. Mwenzangu yuko sawa, ila amechoka, anataka nafasi ya kupumua. Na ukimpenda mwenzako, unampa nafasi. Akanyanyuka, akamzuia mwamuzi kuhesabu, akaanza kuzunguka ulingo akitukana watu. Alimrushia maji yule mzee wa mbele. Alivua aproni akaikanyaga. Alipanda kamba, akajipiga kifua, akaimba. Sijawahi kumwona akicheza vizuri vile. Ukumbi wote ulikuwa unamzomea yeye, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anamtazama aliyelala. Aliyafanya yote hayo kwa upendo, ili mdogo wangu apumzike.

"Wifi," wifi yangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, "mbona tumbo lake halipandi?"

Hospitalini walimrudisha kidogo. Ndivyo walivyotuambia, wamemrudisha kidogo. Alikuwa amelazwa na mipira puani na mashine inayolia upande wa kichwani, na miguu yake imepita urefu wa kitanda. Alikuwa daktari yuleyule kijana. Hakutuambia kwamba alituonya. Alisema moyo ulisimama muda mrefu, na kwamba tungoje, na nikaona tena yale macho yanayotafuta namna ya kusema. Muuguzi akatuambia tuzungumze naye, huenda anasikia.

Wifi aliongea. Alimwambia binti yao yuko kwa jirani, amekula, amemaliza hesabu. Mchinjaji alisimama mlangoni, bado ana rangi nyekundu mikononi, hathubutu kuingia. Mimi nikauchukua mkono wa mdogo wangu, mzito na wa baridi kidogo, nikauminya.

Akaniminya.

"Amejibu!" wifi akapiga kelele. "Muuguzi, ameminya! Nimeona kwa macho yangu!" Muuguzi akaja mbio, akatabasamu, akasema hiyo ni dalili njema. Wifi akanikumbatia, akamkumbatia muuguzi, akapiga magoti kando ya kitanda kumshukuru Mungu.

Mimi nilimtazama Mchinjaji. Alikuwa amegeukia ukuta, ameegemeza paji la uso pale kwenye rangi iliyobanduka, na mabega yake yote makubwa yanatetemeka. Yeye na mimi tulijua. Ulingoni Nondo alimjibu yeye vilevile, moyo ukiwa umeshaanza kusimama. Aliminya kwa sababu aliminywa. Nilikaa pale nimeushika ule mkono na nikamchukia mdogo wangu kwa dakika nzima. Nilitaka mara moja tu katika maisha yake asijibu. Anyamaze, atuachie vidole vimelegea, ili tujue, ili mtu aweze kugonga kengele.

Alifariki kesho yake, kabla ya chakula cha mchana. Wifi hakuelewa. Mpaka leo huwaeleza watu: alikuwa anapata nafuu, alimminya wifi yangu mkono.

Mchinjaji alirudi kwenye masomo baada ya wiki kadhaa. Nilifurahi, nilitaka apate leseni, aondoke kule. Alikuwa amepungua shavuni. Kabla ya kuingia garini aliegemea boneti kidogo, kiganja kifuani.

"Nini hicho?"

"Gesi tu, mwalimu. Nilikunywa soda."

Tuliendesha mpaka mjini, safari hii hakuogopa hata kuku. Kwenye taa nyekundu tukasimama. Akakohoa, akatazama mbele.

"Mwalimu, nimetumwa. Jumamosi ni pambano la Nondo. Wifi yako anasema viatu vyake ulivichukua hospitalini, viko kwako."

"Na nani atapigana?"

"Mimi na yule kijana."

"Umekwenda hospitali kupimwa?"

"Nitakwenda. Baada ya pambano nitakwenda."

Nilifungua mdomo nimwage yote. Nilikuwa nayo tayari, yale yale niliyomwambia mdogo wangu, na mengine mapya. Badala yake nikatazama chini. Mkono wake ulikuwa juu ya gia, mnene, una makovu, ndio mkono uliokuwa wa mwisho kumshika Nondo akiwa mzima. Sikupanga. Niliweka mkono wangu juu yake, nikauminya.

Akajibu papo hapo, kwa nguvu, hata hakugeuka kunitazama. Ndipo akagundua alichofanya. Tukabaki wote wawili tunaiangalia ile mikono.

"Mwalimu," akasema baadaye, kwa sauti ndogo, "taa imewaka kijani."

Nyuma yetu magari yalikuwa yameshaanza kupiga honi. Nikaondoa mguu wangu kwenye breki.